Tonge Kabla ya Neno

Hewa iliyo kati ya meza yangu na meza ya jirani ni ya nani?

Nauliza kwa sababu siku ile ilikuwa imejaa pomoni, na si mimi niliyeijaza. Meza ni yangu kwa muda ninaokula. Kiti ni changu kwa muda ninaokaa. Sahani ni yangu mpaka mhudumu aje kuichukua. Lakini ile nafasi ya katikati, ambamo kicheko cha mtu mwingine hupita na kuja kukaa sikioni mwangu bila kubisha hodi, hiyo mwenyewe ni nani? Nimewauliza wenye vyeo, wakanijibu kwamba ni ya wote. Nimewauliza wasio na vyeo, wakacheka. Kitu cha wote, kwa nilivyoona mimi, huishia kuwa cha mwenye kifua kipana. Nilikuwa nawaza hivyo huku wali wangu unapoa, na mke wangu Mwanaheri ameketi mbele yangu akijaribu kusema jambo ambalo silisikii.

Mji ule sitautaja, kwa kuwa jina lake hubadilika kulingana na anayeulizwa. Adhuhuri yake haina adabu ya kuondoka. Inafika, inakaa, inajikunjia miguu juu ya mapaa, na watu wanakula chakula cha mchana mpaka wazaliwe wajukuu. Saa ya ukutani katika mgahawa wa Bi Mosi ilimwonyesha kila mteja wakati wake mwenyewe, kwa hiyo hapakuwa na maana ya kubishana kama umechelewa. Mimi ilinionyesha kwamba muda unakwisha. Sikuhitaji saa kuniambia hilo.

Mwanaheri alikuwa anaishiwa sauti. Ilianza na nyimbo: siku moja alifungua kinywa aimbe, wimbo haukutoka. Kisha ikamtoka ile sauti ya kumwita mtu aliye uani. Kisha ikamtoka ya kugombana, na hiyo, Mungu anisamehe, niliiona ikienda bila kuisindikiza. Ikabaki ya kuongea karibu tu, nayo kwa kiasi. Kila asubuhi aliamka na sauti kidogo, kama maji yaliyobaki chini ya mtungi, na akishaitumia basi mpaka kesho. Watabibu wa mji walimkagua koo wakasema koo ni zima, na kwamba sauti huwahama watu kama watu wanavyohama nyumba. Walisema hivyo kwa upole, wakatufungulia mlango.

Siku hiyo hakutumia hata tone. Tangu tulipoamka alikuwa ananionyesha kwa kidole kifua chake, kisha changu, maana yake: hii ya leo nakuwekea wewe. Alikuwa na neno. Nilimjua, huyu si mtu wa kutunza sauti ya siku nzima kwa ajili ya upuuzi. Nilitaka tukae nyumbani, palipo kimya, alimalizie pale pale kitandani. Alikataa kwa kichwa, akavaa kanga zake nzuri, akanishika mkono akanipeleka kwa Bi Mosi. Nami nilimfuata nikiwa na hofu moja tu, kwamba kesho mtungi unaweza kuamka mkavu kabisa, na neno hilo lisemwe leo au lisisemwe tena.

Ndipo tukakaa, na meza ya jirani walikuwapo wale.

*

Uvumilivu ni neno la nani? Kujali wenzako ni neno la nani?

Nimeyachunguza maneno haya mawili kwa muda mrefu, maana nimepigwa nayo yote. Anayesema "vumilia" mara nyingi ndiye anayepiga kelele. Anayesema "jali wenzako" mara nyingi ndiye anayetaka kimya. Kila mmoja amelishika neno linalomfaa, na analielekeza kwa mwenzake. Sijawahi kumsikia mwenye kelele akijiambia mwenyewe, nijali. Sijawahi kumsikia mwenye kukereka akijiambia, nivumilie. Labda wapo, lakini wanajiambia kimoyomoyo, na mambo ya kimoyomoyo hayafiki meza ya pili.

Mimi siku ile sikujiambia lolote. Nilikuwa nimefura.

Walikuwa ukoo mzima wakizunguka sinia moja la pilau. Katikati yao alikaa bibi kizee mdogo wa mwili, kichwa amekifunga kitambaa cheupe, na wote walikuwa wanamwelekezea vinywa. Hawakuwa wanaongea, walikuwa wanapiga mbiu. Mwanamume mmoja mnene alikuwa anagonga kijiko kwenye bilauri kila alipofika mahali pa kuchekesha. Mwanamke wa kando yake alikuwa na kicheko kinachoanza chini tumboni na kupanda ngazi kwa ngazi, na kikifika juu kilitafuta mahali pa kwenda, kikaja kwangu.

Mwanaheri alinitazama. Akafungua kinywa. Nikainamisha sikio langu mpaka likakaribia midomo yake, nikafumba macho nisikie vizuri.

"Bibi, unamkumbuka yule mbuzi wa mahari?"

Hiyo ilitoka kwa yule mnene. Ya mke wangu ilifunikwa yote.

"Rudia, mwenzangu," nikamwambia. Akarudia. Nikafumba macho tena, nikakunja uso kwa kusikiliza. Kijiko kikagonga bilauri. Nilipofumbua, Mwanaheri alikuwa amenyamaza na ananitazama kwa namna ambayo sikuielewa, na nikajua kwamba ametumia sehemu ya kile kidogo alichokuwa nacho, na kimepotea bure hewani.

Nikamwita mhudumu. Aliitwa Tunu, dada mmoja mrefu, aliyebeba sahani sita bila kuzitazama.

"Dada yangu, waambie wale wapunguze. Kuna watu wengine humu ndani."

"Wapo, baba," alisema Tunu. "Na wale pia ni watu wengine, ukikaa upande wao."

"Sina siku ya mafumbo leo. Waambie."

"Mimi siruhusiwi kukusemea, baba yangu. Utaratibu wa hapa unaujua. Tonge kwanza, neno baadaye. Maji ya kunawa haya hapa."

*

Lazima nieleze utaratibu huo, kwa sababu sijauona katika mji mwingine.

Zamani, wanasema, palikuwa na Enzi ya Kengele. Mwenye mgahawa alikaa juu ya kiti kirefu, kengele mkononi. Meza ikipaza sauti, kengele inalia, na watu wanatolewa nje chakula kikiwa bado kinafuka moshi. Walianza kutolewa walevi. Wakafuata wenye vicheko, kisha wenye watoto, kisha wenye kikohozi. Mwishowe ukumbi ukatulia kabisa. Kila mtu akawa anasikia taya za mwenzake zikitafuna, na kila aliyetafuna akajua kwamba anasikilizwa. Watu wakapoteza hamu, wakawa wanakula kwao.

Ikaja Enzi ya Koo Huru. Kengele iliyeyushwa ikawa sufuria, ikatangazwa kwamba kila mtu ana haki ya koo lake. Basi watu wakapiga kelele ili wasikike juu ya kelele za wengine waliopiga kelele ili wasikike. Mtu aliagiza samaki akaletewa maharage, akayala, kwa sababu hakuwa na njia ya kukataa. Na kuna mtu, inasemekana, aliyesakamwa na mwiba katikati ya ukumbi akaomba maji, hakuna aliyemsikia, na walikuja kumgundua walipoinuka kwenda zao. Habari hiyo watu wa mji hawapendi kuisimulia wakiwa wanakula.

Bi Mosi alipouchukua mgahawa hakurudisha kengele wala hakuyaacha makoo yajiendee. Aliweka desturi moja. Ukikerwa na meza ya watu, nawa mikono uende kwao, ule tonge moja kutoka sinia lao. Ukishalimeza, sema unalotaka, nao watakusikiliza mpaka mwisho. Kabla ya kulimeza huruhusiwi hata kuguna. Wapo waliofika na tonge likawashinda. Wapo waliomeza wakasahau walichokijia. Na wapo waliomeza, wakasema, wakasikilizwa, wakarudi mezani kwao.

Ila tonge la meza ya watu hukufanya mtu wa meza hiyo, mpaka lishuke. Hilo Tunu hakuhitaji kunikumbusha. Kila mtu wa mji ule analijua, na ndiyo sababu wengi huamua kuvumilia.

Nikamtazama Mwanaheri. Alinyoosha mkono kunizuia, midomo yake ikaenda haraka haraka. Nikadhani ananiambia nisigombane na watu. "Sigombani," nikamwambia. "Narudi sasa hivi." Nikanawa.

*

Ukumbi wa Bi Mosi hurefuka kulingana na hasira ya anayeuvuka. Nilitembea mpaka viatu vikanilegea miguuni. Nilipita meza ya wafanyabiashara, meza ya watu wawili wasiotazamana, meza iliyoandaliwa na hakuna aliyeikalia. Kelele za wale wa sinia zilikuwa mbele yangu muda wote na hazikaribii.

Karibu na nguzo nilimkuta mama yangu.

Alikuwa msichana, umri wake nusu ya wangu. Mapajani kwake kulikuwa na kitoto kinachokunja ngumi na kulia kwa nguvu zake zote, na shingoni kilikuwa na alama nyeusi ambayo mimi huiona kila ninaponyoa ndevu. Alikuwa amenipa titi nikakataa, amenipa maji nikayatema. Sahani yake haikuwa imeguswa. Meza zote za jirani zilikuwa zinamtazama kwa yale macho ya kusubiri mtu aondoke. Mama aliniinulia uso, mimi huyu mwenye mvi.

"Nisamehe, baba yangu," alisema. "Tumbo linamsumbua. Ninatoka sasa hivi."

Nilitaka kumwambia, mama, kaa, tulia, kitoto ni mimi na kitapona. Lakini uso wangu ulikuwa bado umekunjwa ule mkunjo niliotoka nao mezani kwangu, na yeye alishauona. Alikuwa amesimama tayari, ananifunga mgongoni. Akaenda nje kwenye jua na njaa yake, mimi nikilia begani kwake, na hakuna mtu katika ukumbi ule aliyesema hata pole. Nami nilikuwa mmoja wao. Moyo uliniuma kuliko nilivyotarajia, nikaendelea kutembea nikiwa sina tena uhakika na hasira yangu.

Pengine ndiyo sababu nilifika.

*

"Karibu, karibu sana," alisema yule mwanamke wa kicheko cha ngazi. "Mimi Nyamizi. Huyu mnene ni kaka yangu, Masele. Umekuja na njaa au umekuja na neno?"

"Nimekuja na neno."

"Basi kaa," alisema Masele, akinisogezea kiti kwa mguu. "Wenye neno tunawapa upande wenye nyama."

Hawakukasirika. Hilo nalo lilinikera kidogo, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kwa watu wabaya. Nikapeleka mkono kwenye sinia, nikafinyanga tonge lenye kipande cha kiazi, nikalitia kinywani.

Likakaa.

Nilikuwa mjomba Lugendo. Hakukuwa na mlango niliopitia, nilikuwa hivyo tangu zamani. Yule bibi mwenye kitambaa cheupe alikuwa mama yangu, Bibi Kalunde, na hawa ni watoto wa dada yangu, ambao mama aliwalea alipobaki peke yake. Nilijua jinsi masikio yake yalivyoanza kufunga. Nilijua ule mwaka ambao sisi, kwa adabu zetu, tulikuwa tunaongea taratibu mezani, na mama alikaa katikati yetu kama mgeni asiyejua lugha, akitabasamu, akicheka baada ya wengine kumaliza kucheka. Ni Nyamizi aliyeliona kwanza. Alitoka nje akalia, akarudi akasema kwamba katika nyumba hii Bibi hatacheka amechelewa tena. Tangu siku hiyo tukaanza kupiga kelele. Hazikuwa za furaha peke yake. Chini ya kila neno kulikuwa na hofu, kwamba tukishusha sauti tu, atabaki kule alikokuwa, peke yake, na sisi tumekaa naye.

Nikasikia mtu anapaza sauti kuliko wote. Kumbe ni mimi.

"Mama, mbuzi alimfukuza bwana harusi mpaka akapanda juu ya paa la jiko! Na wewe ukasema, mahari imekataa mwanamume!"

Bibi Kalunde akacheka papo hapo, pamoja nasi, machozi yakimtoka. Nikapiga sinia kwa kiganja. Raha iliyoje, kuwa na sauti na kuitumia yote.

Katikati ya kicheko nilitupa macho ukumbini. Mbali, kwenye meza ya watu wawili, aliketi mwanamke mmoja aliyevaa kanga nzuri, peke yake, mbele ya kiti kitupu na sahani ya wali uliopoa. Midomo yake ilikuwa inatembea. Alikuwa anatazama huku kwetu.

"Masele," nikasema, "yule mama mbona anaongea na kiti?"

"Labda amefiwa, mjomba," alisema Masele.

"Masikini," nikasema. Nikamwonea huruma kweli, kama unavyomwonea huruma mtu usiyemjua, na nikarudia kutafuna.

Kisha tonge likashuka.

Sijui niliseme vipi. Nilimtazama yule mama nikiwa sina jina lake, halafu jina likaja, na pamoja nalo nyumba, kitanda, miaka, kidole kinachoonyesha kifua chake kisha changu. Nilikuwa nimemwacha akitumia sauti yake kwa kiti. Niliinuka, na Nyamizi, aliyeshawaona wengi wakimeza, alinipa maji.

"Sasa sema neno lako," alisema.

Lile neno nililotoka nalo mezani kwangu lilikuwa na meno. Sikuliona tena mahali lilipo.

"Jamani, yule pale ni mke wangu," nikasema. "Sauti inamwishia. Leo ameniwekea kitu cha kuniambia, na kesho huenda asiweze. Sikuja kuwafukuza. Naomba nafasi ndogo tu, mpaka aseme."

Nyamizi akaweka mkono kinywani. "Kumbe. Tusamehe, shemeji. Hatukujua."

Masele akakilaza kijiko juu ya kitambaa, polepole, kisije kikalia. Wakanyamaza. Meza ya jirani ikawaona wamenyamaza, ikanyamaza. Kimya kikatoka meza hadi meza, kikafika jikoni, wapishi wakatokeza vichwa. Kwa mara ya kwanza tangu nimeujua mgahawa ule nikasikia nzi.

*

Nilikuwa nimekitaka kimya, nikakipata. Sasa tazama kilichotokea.

Mwanaheri alifungua kinywa. Sauti ikatoka, nyembamba, yenye mkwaruzo, nusu neno. Ukumbi mzima ulikuwa umegeuka kumsikiliza. Wafanyabiashara, watu wawili wasiotazamana, Tunu na sahani zake, wote wamebana pumzi kwa wema. Mwanaheri akawatazama mmoja mmoja. Akafunga kinywa. Akachukua ncha ya kanga akajifunika midomo, na akatazama chini.

Nilimwombea nafasi ya kusema, nikamletea mashahidi.

Na upande huu wa sinia kulikuwa na msiba mwingine. Bibi Kalunde alikuwa anageuza uso kutoka kwa mjukuu huyu hadi kwa huyu, harakaharaka, kama mtu aliyezimiwa taa.

"Mbona mmefunga midomo?" akasema kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. "Nani amekufa?"

Nyamizi akamwinamia sikioni amweleze. Bibi akamsukuma.

"Toka hapo. Humo sikioni hamna mtu siku nyingi. Njoo mbele, nikuone."

"Kuniona vipi, bibi?"

"Mdomo. Mnadhani nasikia hizo kelele zenu? Sisikii hata radi. Lakini mtu akipiga kelele anaufungua mdomo wote, nami nayaona maneno yake yanavyotoka. Mkinong'ona mnaniacha gizani."

Masele akakisukuma kando kile kijiko chake.

"Bibi," alisema, "mbona hukutuambia miaka yote hii?"

"Mlikuwa mnafurahi. Na mimi nilikuwa nafurahi. Niwaambie nini?"

Masele akamgeukia uso kwa uso. Akaufungua mdomo wazi, akasema jambo refu bila kutoa sauti hata kidogo, kisha akauliza kwa mikono, unaona?

"Naona," alisema Bibi Kalunde. "Na kiazi nakiona."

Nyamizi alicheka, lakini alikuwa analia.

Mimi nilikuwa bado nimesimama, mtu wa meza mbili asiye na meza. Bibi akaninyooshea kidole. "Wewe, yule aliyejifunika kanga ndiye mkeo?"

Nikaitikia kwa kichwa, kisha nikakumbuka kumwonyesha mdomo. "Ndiye."

"Yule anasema vizuri kuliko hawa wangu wote. Anaumba kila neno mpaka mwisho. Nimekuwa namtazama tangu wali wenu uletwe. Amesema jambo moja tu, akarudia na kurudia, na wewe umefumba macho."

Nikamsogelea. "Amesema nini?"

"Si langu kulisema," alijibu Bibi. Akamwinulia Mwanaheri mkono kule mbali, akauliza kwa midomo, bila sauti: nimwambie? Na mke wangu, ambaye mimi nilihitaji kimya cha ukumbi mzima nimsikie, alimwelewa bibi wa watu papo hapo. Akaiondoa kanga usoni. Akaitikia.

Nilijiandaa. Nilikuwa nimewaza mambo mengi tangu asubuhi: wosia, siri, kwaheri, neno la mapenzi la mwisho la kunitosha maisha yaliyobaki. Nilikuwa nimelijengea nyumba kabla sijalisikia.

"Anasema," alisema Bibi Kalunde, "'Tuhamie kule.' Basi. 'Naomba tuhamie kule wanakocheka.'"

*

Niliumia, sitaficha. Kisha Bibi akaendelea, kwa sababu midomo ya Mwanaheri ilikuwa inaendelea, bila haraka, bila kutumia tone la ule mtungi.

"Anasema, penye kelele hakuna anayejua nani ana sauti na nani hana. Anasema nyumbani kuna kimya sana. Anasema unamsikiliza mpaka anaogopa kufungua mdomo."

Hayo ndiyo aliyoniwekea. Alinileta kwa Bi Mosi kwa mkono wake mwenyewe, akanikalisha karibu na watu wenye vicheko, na mimi nilidhani adui wa neno lake ni wale watu. Kila alipolisema nilimpa sikio, nikamnyima macho.

Sikupata muda wa kumjibu. Mwanaheri alikuwa amekwishainuka. Alichukua sahani yake, akaiacha yangu, akaja. Kwake ukumbi haukurefuka. Alipita mle mle nilimotembea miaka, akafika kwa hatua chache, na wateja wakaona kwamba hakuna tena cha kusikiliza, wakarudia mazungumzo yao. Jikoni sufuria zikaanza kugongana. Hewa ikajaa tena, na hakuna aliyeiomba radhi.

"Sogeeni," alisema Masele. "Mpisheni mgeni. Mjomba, wewe banana hapo na Nyamizi."

Aliendelea kuniita mjomba, na sikumsahihisha.

Mwanaheri akakaa uso kwa uso na Bibi Kalunde. Akasema jambo, Bibi akacheka akapiga paja. Bibi naye akamjibu kwa midomo mitupu, mke wangu akatikisika mabega. Wale vijana wakaanza kujaribu. Ikabidi wasemane kwa zamu, kwa kuwa Bibi hawezi kutazama vinywa viwili kwa pamoja, na ikabidi waombane nafasi, wewe kwanza, hapana wewe. Kelele za meza ile zikashuka zenyewe. Hakuna aliyewaamuru. Kijiko kiligonga bilauri pale tu mbuzi alipofika juu ya paa, na hapo hata mimi niliona kinastahili.

Wakacheka tena, wale wawili, kwa jambo lao. Nikamvuta Bibi mkono.

"Amesema nini?"

Bibi Kalunde akanitazama kama anavyotazamwa mtoto anayeuliza habari za wakubwa. "Muulize mwenyewe," alisema. "Yupo hapo."

Nikamgeukia Mwanaheri. Kwa mazoea nikainamisha sikio, nikaanza kufumba macho. Akanishika kidevu, akaninyanyua uso mpaka ukakabiliana na wake. Nilikuwa sijamtazama hivyo tangu alipoanza kuishiwa sauti. Nilikuwa natazama koo lake kila siku, kama anayechungulia kisima, na sikuwa nimeona kwamba midomo yake ni ile ile.

Aliinua tonge la wali kutoka sahani yake akalishika mbele yangu. Akasema neno moja, polepole, bila sauti yoyote. Midomo ikakusanyika, kisha ikafunguka yote.

Nililiona. Lilikuwa neno dogo kuliko yote niliyoyasubiri.

Kula.

Nikala, macho yangu yakiwa kwake.